Ajali ya magari mengi: nani anawajibika kulipa?

Magari mawili yakigongana, mara nyingi lawama ina pande mbili tu. Yakiwa matatu au manne, kila dereva humnyooshea kidole mwenzake, na majeruhi anabaki wodini hajui amdai nani. Makala hii inaeleza sheria ya Tanzania inavyoligawa kosa, na mambo ambayo wewe au ndugu yako mnapaswa kuyafanya mapema.

Tuchukue mfano

Noah iliyojaza abiria inashuka kutoka Bumbuli kwenda Soni. Kwenye kona, Fuso la kabichi linatokea mbele likiwa linaovateki, limeingia upande wa Noah. Dereva wa Noah anakwepa na kumgonga bodaboda aliyesimama pembeni. Probox iliyokuwa nyuma, karibu mno, inaivaa Noah. Fuso halikuguswa hata kidogo, linaendelea na safari.

Wengi watasema alipe wa Noah, kwa kuwa ndiye aliyemgonga bodaboda. Wengine watasema alipe mwenye gari kubwa. Sheria haiangalii hivyo. Inamuuliza kila dereva peke yake: je, uliendesha kwa uangalifu unaotarajiwa kwa dereva makini? Kama hapana, uzembe wako ulichangia kiasi gani katika madhara haya?

Kwa hiyo dereva wa Fuso anaweza kuwajibika ingawa hakugusa mtu, kwa sababu kuovateki kwenye kona ndiko kulikoanzisha yote. Wa Noah anaweza kubeba sehemu yake akithibitika alikuwa mwendokasi au alizidisha abiria hadi gari likamshinda. Wa Probox atajibu kwa kutoacha nafasi. Mahakama inaweza kuugawa mzigo kwa asilimia kati yao.

Abiria asiye na kosa si lazima asubiri madereva wamalize ubishi wao. Anaweza kuwadai wote kwa pamoja, na wao watadaiana wenyewe kwa wenyewe. Lakini na yeye akiwa amechangia kuumia kwake, kwa mfano kwa kupanda bodaboda bila kofia ngumu, fidia yake inaweza kupunguzwa.

Ajali juu ya ajali

Usiku wa Januari 13, 2025, katika eneo la Segera, wilayani Handeni, lori liliwagonga watu waliokuwa wamekusanyika kwenye ajali nyingine. Watu 11 walifariki. Katika mazingira ya namna hiyo sheria huzitazama kama ajali mbili zenye maswali tofauti. Kwa ile ya kwanza: nini kiliisababisha, na je, tahadhari iliwekwa barabarani? Kwa ile ya pili: dereva aliyefika baadaye alikuwa na mwendo gani, na angeweza kuona na kusimama?

Ndiyo maana kuweka kibao cha pembetatu, au hata matawi ya miti kama tulivyozoea huku milimani, kunaokoa maisha na pia ni sehemu ya ushahidi. Ukienda kusaidia, simama nje ya barabara.

Breki zikifeli, mwenye gari yumo

Juni 5, 2024, lori lilishindwa kusimama kwenye mteremko wa Simike, jijini Mbeya, likagonga magari mengine. Watu 13 walipoteza maisha. Sisi tunaoshuka Soni hadi Mombo tunaijua hofu ya mteremko.

Dereva akisema "breki zilifeli", maneno hayo peke yake hayamalizi kesi. Swali linalofuata ni nani alipaswa kuzitunza breki hizo. Mwenye gari anaweza kuwajibika kwa ubovu wa gari, na pia kwa uzembe wa dereva aliyemwajiri au aliyemtuma. Kwa hiyo usiishie kwenye jina la dereva. Tafuta jina lililo kwenye kadi ya gari.

Kesi mbili tofauti

Dereva akishtakiwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, hiyo ni kesi ya jinai. Faini anayotozwa inaenda serikalini, haiji mfukoni mwako. Fidia hudaiwa kwa njia ya bima au kwa kesi ya madai. Hata hivyo, dereva akitiwa hatiani, hukumu hiyo ni ushahidi mzito kwenye madai yako.

Bima inayolazimishwa na sheria ni ile ya mtu wa tatu, inayolipia kifo au majeraha ya watu wengine. Mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, unaonyesha kama gari lina bima hai ukiingiza namba yake ya usajili. Angalizo kwa wakulima wetu: ukipanda juu ya mzigo kwenye Fuso, gari ambalo si la abiria, kampuni ya bima inaweza kukataa kukulipa. Utabaki kumdai dereva na mwenye gari tu.

Mambo ya kufanya mapema

1. Okoa majeruhi kwanza. Kisha piga picha kabla magari hayajasogezwa: namba za usajili, alama za matairi, kila gari lilipoishia.

2. Andika namba za simu za mashahidi, pamoja na namba ya gari lililosababisha likaondoka.

3. Chukua PF3 polisi. Hakikisha trafiki wamepima na kuchora eneo la ajali, na magari yote yamekaguliwa.

4. Tunza risiti za matibabu, nauli na dawa.

5. Usitie sahihi karatasi ya "tumesameheana" kwa sababu ya pesa ya jeneza au ya matibabu ya siku mbili. Kupokea rambirambi si kosa. Lakini karatasi inayosema huna madai tena inaweza kukufungia mlango wa fidia. Isomewe kwanza na mtu anayejua sheria.

6. Ikiwa mtu amefariki, familia iteue msimamizi wa mirathi na kumthibitisha mahakamani. Ndiye anayedai kwa niaba ya mke au mume, watoto na wazazi.

7. Usichelewe. Kesi ya madai ya uzembe ina ukomo wa miaka 3.

Bima ikikuzungusha, peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, muulize mtendaji wa kata akuelekeze kwa msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure.