Mtu Aliyelihesabu Jua kwa Kalamu

Leo naweka kando habari za programu na mitandao, ingawa mtaona kwamba sitaenda mbali sana.

Jua linatushika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mvutano, unaoizuia dunia isipotelee angani. Ya pili ni mwanga, unaotupa joto, mvua na chakula. Shuleni tulifundishwa haya kama mambo mawili tofauti. Lakini historia ya mhandisi mmoja Mserbia inaonyesha kwamba yamefungamana: mvutano ndio unaoamua mwanga uanguke wapi, lini na kwa kiasi gani.

Hebu tuone namna gani. Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, ni duaradufu. Mwanzoni mwa Januari tuko karibu na jua, kilomita milioni 147 hivi. Mwanzoni mwa Julai tuko mbali, kilomita milioni 152. Kwa hiyo Januari dunia hupokea mwanga zaidi kwa karibu asilimia 7. Lakini mpangilio huu haudumu, kwa sababu tatu:

1. Mshtarii, Zuhura na sayari nyingine huivuta dunia kidogo kidogo, hata duaradufu hiyo ikarefuka na kurudi kuwa karibu duara. Hili huchukua takriban miaka 100,000.

2. Mwinamo wa mhimili wa dunia hubadilika kati ya digrii 22.1 na 24.5 kwa miaka 41,000 hivi. Leo ni digrii 23.4.

3. Mwezi na jua huivuta dunia pale ilipotuna, kwenye ikweta, nayo ikayumba kama pia inayozunguka. Hivyo msimu unaoangukia wakati tuko karibu na jua hubadilika, kwa mizunguko ya kati ya miaka 19,000 na 23,000.

James Croll wa Uskoti, aliyewahi kuwa mtunzaji wa jengo la chuo huko Glasgow na aliyejisomea mwenyewe, aliandika mwaka 1864 kwamba mabadiliko kama haya ndiyo yaliyoleta enzi za barafu. Wazo lilikuwa zuri. Kilichokosekana ni hesabu kamili.

Hapo ndipo anapoingia Milutin Milanković, aliyezaliwa mwaka 1879. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ujenzi wa zege huko Vienna. Mwaka 1909 akahamia Belgrade kufundisha hisabati. Mwaka 1914 alioa, akaenda fungate kijijini kwao Dalj, na vita vya kwanza vya dunia vikamkuta huko, upande wa adui. Akakamatwa. Katika chumba cha gereza alitoa karatasi zake kwenye begi akaendelea na hesabu! Baadaye profesa mmoja wa Vienna alimwombea, akaruhusiwa kuishi Budapest chini ya uangalizi. Miaka minne akashinda maktaba.

Kitabu chake cha mwaka 1920 kilimfikia Wladimir Köppen, bingwa wa hali ya hewa wa Ujerumani. Croll alikuwa ametazama majira ya baridi kali. Köppen alimwambia Milanković atazame kiangazi cha kaskazini: theluji huanguka kila mwaka, swali ni kama itayeyuka. Kiangazi kikiwa hafifu, theluji ya mwaka huu inakaliwa na ya mwaka ujao, na barafu inakua. Sisi waandishi wa programu tunalijua hili: ukichagua kigezo kisichofaa, hata hesabu safi haikusaidii.

Basi akakaa siku 100, asubuhi hadi usiku, akihesabu mwanga wa kiangazi katika latitudo 55, 60 na 65 kaskazini kwa miaka 650,000 iliyopita. Kwa mkono! Mimi nimeandika programu fupi ya hesabu hiyo, na tarakilishi yangu ya kawaida humaliza kabla sijainua kikombe cha chai.

Wataalamu wengi wa miamba hawakumkubali, hasa katika miaka ya 1950 vipimo vipya vya umri vilipoonekana kupingana naye. Alifariki mwaka 1958 bila kuthibitishwa. Ndipo mwaka 1976 Hays, Imbrie na Shackleton walipochunguza tope la chini ya Bahari Hindi ya kusini, wakakuta mapigo yale yale: miaka 100,000, takriban 41,000, na 23,000.

Na kwetu je? Mwaka 1981 John Kutzbach alionyesha kwa tarakilishi kwamba miaka 9,000 iliyopita, jua la kiangazi cha kaskazini likiwa na nguvu zaidi kwa asilimia 7 hivi, upepo wa mvua uliingia Afrika kwa nguvu. Sahara ilikuwa na nyasi na maziwa. Ziwa Turkana lilikuwa juu zaidi kwa makumi ya mita, likamwaga maji hadi mto Nile.

Sasa utasikia watu wakisema, "Hali ya hewa hubadilika yenyewe tangu zamani, tusihangaike." Hubadilika, ndiyo, lakini hesabu za Milanković zinatupa pia mwendo wa mabadiliko hayo: maelfu ya miaka. Ongezeko la joto la miaka 150 iliyopita haliwezi kutoka humo. Katika muda huo hewa ya ukaa imepanda kutoka sehemu 280 hivi kwa milioni hadi zaidi ya 420, na hiyo haikuletwa na Mshtarii wala mwezi. Mwenye shaka achukue kanuni zile zile azihesabu mwenyewe. Siku hizi hazihitaji siku 100.