Majina Tuliyopewa na Watakatifu Wasomo Wetu

Yeye atakayefungua daftari za ubatizo za Goma atakuta humo kundi kubwa la watakatifu. Wamo Yosefu, Petro na Teresia, ambao kila mtu awajua. Lakini wamo vilevile Deogratias, Godelive, Gertrude, Lambert, Hubert na Floribert. Watu wamezeeka wakiitikia majina hayo, na wengi hawajasikia hata neno moja juu ya wasomo wao. Kalenda ya ukutani hutuonyesha jina na siku, habari haituelezi.

Majina haya yalifikaje Kivu? Kwanza ilikuwako sheria. Kitabu cha sheria za Eklezya cha mwaka wa 1917 kilimwagiza padri kuangalia kwamba mbatizwa apewe jina la kikristu; na wazazi wakikataa, aongeze mwenyewe jina la mtakatifu juu ya lile walilolichagua, na yote mawili ayaandike. Pili, wamisionari wengi waliokuja kwetu walikuwa watu wa Ubelgiji, nao walileta watakatifu wa kwao. Gertrude alikuwa mkuu wa watawa kule Nivelles, karne ya 7. Lambert na Hubert walikuwa maaskofu wa pande za Maastricht na Liège. Godelive alikuwa mke wa bwana mkubwa wa Gistel, katika Flandria. Mumewe alimtesa, kisha akaagiza anyongwe, mwaka wa 1070. Nawajua akina mama wenye jina hili ambao wangefarijika sana kuisikia habari hii.

Deogratias siye Mbelgiji. Ni Mwafrika, askofu wa Kartago, mji uliokuwa katika inchi iitwayo leo Tunisia. Mwaka wa 455 Wavandali waliuteka Roma, wakarudi Afrika na mateka wengi, wakaanza kuwagawanya: mume huku, mke kule, watoto mahali pengine. Askofu Deogratias aliuza vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa ili awakomboe. Tena kwa kuwa hapakuwa na nyumba za kuwatosha, alifungua makanisa mawili makubwa, akatandika humo vitanda na majani. Akapita mchana na usiku kwa wagonjwa, ijapokuwa alikuwa mzee. Sisi wa Goma, ambao mwaka wa 1994 tuliona mamia ya maelfu ya wakimbizi wakivuka mpaka kwa siku chache tu, hatuhitaji mtu wa kutufafanulia kazi hiyo. Hata hivyo akina Deo ni wengi mjini mwetu, na askofu huyo hatajwi.

Ikaja amri ya mwaka wa 1972. Serikali ya Zaïre ilikataza majina ya kigeni, na padri ambaye angembatiza mtoto kwa jina la namna hiyo alitishwa kwa kifungo. Kardinali Malula alipopinga, ilimpasa kuondoka inchini, akakaa Roma miezi kadhaa. Wazazi wetu walikuwa na jina moja kwenye kitambulisho na jingine mbele ya altare. Kwa maoni yangu, ubaya wa amri ile haukuwa kuyapenda majina ya mababu. Ubaya ulikuwa kulazimisha. Lakini iliacha swali lililostahili jibu: je, jina la babu laweza kuwa jina la mtakatifu?

Sheria mpya ya Eklezya, ya mwaka wa 1983, haidai tena jina la mtakatifu; yaonya tu kwamba jina lisiwe geni kwa moyo wa kikristu. Na tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, sista wa kabila la Wabudu, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Mwaka wa 1994 alimfuata Isidore Bakanja, kijana mlei aliyepigwa viboko hata kuoza mgongo kwa sababu hakukubali kuvua skapulari ya Mama Maria, akafa tarehe 15 Agosti 1909 akimsamehe mzungu aliyempiga. Anuarite na Bakanja: mababu wao wameingia katika sala za Eklezya pamoja nao.

Sasa nifike kwetu. Floribert wa kwanza alikuwa askofu wa Liège katika karne ya 8, mwandamizi wa Hubert, na mapokeo yasema alikuwa mwanawe. Floribert wa pili alizaliwa hapa Goma tarehe 13 Juni 1981: Floribert Bwana Chui Bin Kositi. Alisomea sheria, akaingia jumuiya ya Sant'Egidio, akawakusanya maibobo wa mji huu ili wasome. Kisha akapata kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, naye akawa mkaguzi wa vyakula vinavyopita mpakani. Ulifika mchele ulioharibika. Wenye mali walimpa fedha ili aupitishe, akakataa. Walimrudia na vitisho, akakataa tena. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, na tarehe 9 maiti yake ilipatikana, yenye alama za mateso. Alikuwa na miaka 26.

Wako wanaouliza: amekufa kwa ajili ya mchele, amekuwaje mfiadini? Swali si la upumbavu. Lakini Yohane Mbatizaji naye hakudaiwa amkane Mungu. Alikatwa kichwa kwa kusema ukweli juu ya ndoa ya Herode, na Eklezya haijasita kumwita mfiadini. Floribert alijua kwamba mchele ule ungeliwa na maskini, na kwa ajili ya Kristu hakuweza kuweka mhuri. Papa Fransisko aliwatajia vijana habari zake mjini Kinshasa tarehe 2 Februari 2023. Tarehe 15 Juni 2025, katika basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma, Kardinali Semeraro alimtangaza Mwenye Heri.

Ifahamike kwamba Mwenye Heri huheshimiwa hadharani katika jimbo lake na mahali palipopewa ruhusa, siyo bado katika Eklezya yote. Kwa hiyo msishangae mkimkosa katika kalenda zichapwazo Ulaya. Jina lake tuliandike wenyewe kwa mkono. Na wazazi watakaoleta mtoto kubatizwa Floribert, wamwambie karani ni somo yupi wanayemchagua, yule wa Liège au huyu wa Goma, naye aandike pembeni mwa daftari.