Ghorofa: Chumba Kilichogeuka Tabaka

Neno ghorofa, ambalo wengine hulitamka orofa, limetokana na neno la Kiarabu ghurfa, yaani chumba, lakini katika Kiswahili maana yake imepanuka na kuwa tabaka zima la jengo. Kwa maana hiyo ya tabaka, katika ArchiCAD, programu ya usanifu majengo iliyobuniwa Hungaria, kila kiungo cha jengo, kama vile ukuta au nguzo, husajiliwa katika ghorofa moja, kisha msanifu huamua kionekane pia katika ramani za ghorofa zipi nyingine. Ndiyo maana ngazi, ambayo huanzia chini na kuishia juu, huchorwa mara moja tu ikaonekana katika ramani mbili. Ghorofa hiyo ya usajili ingefaa kuitwa ghorofa mama, kwa mfano wa lugha mama, kuliko ghorofa ya nyumbani, ambayo ni tafsiri sisisi ya istilahi ya Kiingereza "home story" na inapotosha.