Sonona, Kileo na Dawa: Funzo la Historia



Wapendwa Taifa la Mungu, wapo miongoni mwetu wanaotumia dawa za sonona, na harusi au sherehe ya Komunyo ya Kwanza ikikaribia huacha vidonge kwa siku mbili ili wapate kunywa pamoja na wenzao. Kabla ya kuwahukumu, na tuitazame historia.

Bill Wilson, Mmarekani, alikunywa hadi akakaribia kuangamia. Aliacha kileo Desemba 1934, na mwaka 1935, mjini Akron, yeye na Daktari Robert Smith walianzisha umoja wa Alcoholics Anonymous. Mwaka 1939, katika mji huo huo, Sista Ignatia Gavin alianza kuwapokea walevi kama wagonjwa katika Hospitali ya Mtakatifu Thoma, wakati ambapo hospitali nyingi ziliwafukuza. Padre Edward Dowling, Mjesuiti, alimtembelea Bill mwaka 1940 akawa mshauri wake wa kiroho, ingawa Bill hakuwa Mkatoliki.

Hata hivyo, kuanzia mwaka 1944 Bill alielemewa na sonona nzito iliyomsumbua takriban miaka 11. Hakuwa amerudia chupa, wala hakukosa marafiki wa kumwombea. Hapo twajifunza kwamba sonona ni ugonjwa kamili. Si adhabu ya ulevi, wala si upungufu wa imani. Nazo dawa zilikuwa bado: Daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza matokeo ya imipramini mwaka 1957 tu.

Sisi tunazo dawa hizo. Kileo hutuliza kwa saa chache, kisha huzidisha huzuni. Kikikutana na dawa za sonona huweza kuongeza usingizi na kulegea, na kwa baadhi ya dawa za zamani bia na divai fulani huweza kupandisha shinikizo la damu kwa hatari. Kuruka vidonge nako si dawa, kwani ugonjwa huweza kurudi.

Basi, anayetumia dawa amweleze daktari ukweli wote kuhusu unywaji wake. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu. Nasi wenye sherehe tusimshurutishe mtu glasi. Soda iwepo mezani, na asiulizwe sababu. Naye anayewaza kujiua asinyamaze: amwambie daktari, padre au ndugu leo hii.

Mungu awabariki.