Ngoma Mlangoni mwa Kanisa

Mwaka 1527 kinanda kikubwa cha kanisa la Grossmünster, mjini Zürich, kilibomolewa. Huldrych Zwingli, aliyeongoza mageuzi ya kanisa mjini humo, hakuwa mtu asiyejua muziki. Alikuwa hodari wa ala kadhaa, za nyuzi na za kupuliza. Ila aliamini kwamba sala ya kweli hutoka moyoni, na kwamba masikio yakistareheshwa akili hulihama Neno. Zürich ikakaa bila kuimba ibadani hadi 1598. Miaka hiyohiyo ya mwanzo, kule Wittenberg, Martin Luther alikuwa anachapisha nyimbo kwa Kijerumani ili hata mkulima apate la kuimba. Biblia ni ileile.

Ibada ya kweli ni ipi, basi? Mwanamke Msamaria alimuuliza Yesu kisimani swali la mahali: mlimani kwao au Yerusalemu? Yesu aliyaweka kando yote mawili, akasema habari za roho na kweli. Wakristo wa baadaye walilirudisha swali lilelile kwa sura nyingine: kwa lugha gani, kwa mavazi gani, kwa ala zipi.

Maelezo ya zamani ya ibada ya Jumapili yanatoka kwa Yustino Mfiadini, aliyemwandikia Kaisari Antoninus Pius akiwa Roma yapata mwaka 155. Watu wa mjini na wa mashamba hukusanyika mahali pamoja. Yanasomwa maandishi ya mitume au ya manabii kadiri muda unavyoruhusu. Kiongozi anatoa mawaidha. Wote wanasimama kuomba. Kisha mkate, na divai iliyotiwa maji. Mashemasi wanawapelekea sehemu yao waliokosa kufika. Wenye uwezo wanatoa wapendacho, na fedha hiyo inawahudumia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Kuhusu ala za muziki, Yustino hasemi neno. Nabii Amosi alikuwa ameshazitaja karne nyingi kabla yake: Mungu alikataa kusikiliza vinanda vya watu waliokuwa wakiwaonea maskini. Tatizo halikuwa vinanda.

Ngoma ndiyo iliyoleta kesi ndefu zaidi Afrika Mashariki. Wamisionari wengi waliizuia isivuke mlango wa kanisa, na tuwatendee haki: hofu yao haikuwa ya kuzuka tu. Palikuwa na ngoma za tambiko, za jando na unyago, za kupunga pepo, na waongofu wa kwanza wenyewe walizijua kazi zake kuliko mzungu yeyote. Lakini nchini Ethiopia, wasomi wa nyimbo za Kanisa la Kiorthodoksi walikuwa kwa karne nyingi wakipiga kebero, ngoma kubwa inayovaliwa shingoni, na kutikisa kayamba za chuma huku wakiyumba kwa hatua za taratibu na fimbo zao za sala. Mapokeo yao yanamtaja Mtakatifu Yared, wa karne ya 6, kuwa chanzo cha nyimbo hizo. Kanisa kongwe kuliko yale yaliyotuma wamisionari wengi halikuona haja ya kuchagua kati ya ngoma na msalaba.

Huku kwetu mabadiliko yalikuja kwa kutunga. Makumira, chuo cha teolojia cha Walutheri karibu na Arusha, mwalimu Mmarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake kutunga tenzi kwa mahadhi ya makabila yao. Mwaka 1966 mmoja wao, Bernard Kyamanywa, aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, kwa mahadhi ya Kihaya. Sasa Walutheri wa Ujerumani wanauimba kwa Kijerumani. Katika kitabu chao cha nyimbo ni namba 116. Upande wa Wakatoliki, padri Mtanzania Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 utafiti kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati ya liturjia iliyoipa heshima miziki ya mataifa.

Kongo ndiko walikokwenda mbali zaidi. Misali iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, inaruhusu padri na wahudumu kucheza kuizunguka altare wakati wa wimbo wa Utukufu, na wahenga wema wanatajwa pamoja na watakatifu. Hayo ndiyo yanayopigwa picha. Lenye uzito zaidi halina mvuto kwenye picha: tendo la toba limehamishwa kutoka mwanzo wa Misa hadi baada ya mahubiri, nalo linafuatwa na kutakiana amani. Mtu analisikia Neno kwanza, anajua alipokosea, anampa mkono jirani yake, ndipo anapopeleka sadaka.