Silabi Tupu na Ubeti wa Byron

Sisi tunaohesabu mizani kwa vidole tuna jamaa wa mbali katika historia ya saikolojia: Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha utafiti wake juu ya kumbukumbu mwaka 1885. Aliunda silabi 2,300 hivi zisizo na maana, akazikariri mwenyewe kwa kufuata mlio wa saa, ili aipime kumbukumbu isiyo na cha kuegemea.

Lililo tamu kwetu ni kwamba alikariri pia beti za Don Juan, utenzi wa Byron: kila ubeti mishororo minane, vina vitatu, mizani takriban 80. Ubeti ulimgharimu kama sehemu moja ya kumi ya juhudi iliyotakiwa kwa silabi tupu za idadi hiyo. Mwenyewe alizitaja sababu: maana, mapigo, vina na lugha moja inayoviunganisha.

Ajabu ni kwamba wengi waliomfuata walizishika silabi, ubeti wakauacha. Frederic Bartlett wa Cambridge aliipinga njia hiyo mwaka 1932. Yeye aliwapa watu hadithi ya Wahindi Wekundu waisimulie upya, nao wakaivuta kwenye mazoea yao; hata mitumbwi ikageuka mashua.