Pawasaplai: umbo lilelile, tumbo jipya

Pawasaplai ya ATX iliyotengenezwa mwaka 1996 inaingia bila taabu katika kasha la kompyuta ya mezani lililonunuliwa juzi. Upana ni milimita 150, kimo 86, na matundu ya skrubu yako palepale. Ila haitaweza kuiendesha mashine ya leo.

Hadithi inaanzia IBM. Kompyuta yake ya Agosti 1981 ilikuwa na pawasaplai ya wati 63.5, sawa na balbu moja ya wakati ule. Mwaka 1984 ikatoka PC/AT, wati 192, na watengenezaji wengine wakanakili mpangilio wake. Jina AT likabaki midomoni mwa mafundi.

AT ilikuwa na vituko vyake. Umeme uliingia kwenye ubao mama kwa plagi mbili za pini sita sita, P8 na P9, zinazofanana kama pacha. Ukizikosea nafasi, unaweza kuunguza ubao. Mafundi wakakariri: nyaya nyeusi zikutane katikati. Kibaya zaidi, katika nyingi za miaka ya tisini waya wa umeme wa ukutani ulipita ndani ya kasha mpaka kwenye kitufe cha mbele. Kwa nchi za volti 230 au 240, kama zetu, hilo si la kuchezea. Na kwa kuwa swichi ilikuwa ya mkono, Windows 95 ilifunga kazi zake, ikaandika kwenye skrini kwamba sasa unaweza kuzima, kisha ikakungoja.

Mwaka 1995 Intel ilileta ATX. Kisanduku hakikubuniwa upya. Kilirithiwa kutoka LPX, aina iliyokuwa tayari sokoni. Kilichogeuka ni nyaya. Plagi mbili zikawa moja ya pini 20, isiyokubali kuchomekwa kinyume. Zikaongezwa volti 3.3, maana prosesa mpya hazikutaka tena 5. Waya mmoja ukaachwa na umeme hata mashine ikiwa imezimwa, ili ubao mama uweze kuiamuru pawasaplai iamke au ilale. Kwangu mimi, hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote yaliyofuata.

Wazo moja halikudumu: feni ilikusudiwa kupuliza hewa ndani, juu ya prosesa. Hewa hiyo ilifika imeshapashwa moto na pawasaplai. Feni ikageuzwa.

Mwaka 2000, kwa ajili ya Pentium 4, ikaja ATX12V na plagi ya pini nne ya volti 12. Wati zilezile kwa volti kubwa zinahitaji ampea chache, hivyo waya haupati joto sana. Baadaye plagi kuu ya pini 20 ikawa ya 24. Pawasaplai ya 1996 imeweka nguvu zake nyingi kwenye volti 5, ndiyo maana haifai tena. Toleo la ATX12VO limekwenda mbali zaidi: linatoa volti 12 tu, kwa plagi ya pini 10, na ubao mama unajitengenezea zilizobaki.

Kwa makasha madogo kuna SFX, milimita 125 kwa 63.5, na TFX, nyembamba na ndefu. Hizo nazo zina vipimo vya wazi. Shida iko kwenye kompyuta ndogo za ofisini zinazotufikia kama mitumba: nyingi zina pawasaplai ya umbo la kampuni yenyewe, na ikiungua, fundi hutafuta mashine nyingine mbovu ya modeli hiyohiyo ili aing'oe yake.